Mbwa wa Saa na Mbuzi ya Nazi

Wako watu wazima miongoni mwetu wanaoamini kwamba kucheza na maneno ni kazi ya mtu asiyekuwa na kazi. Husema: mtoto na afunzwe kusoma, kuandika na adabu, hiyo mizaha ya maneno ataiokota mwenyewe barazani. Mimi siafikiani nao. Leo nataka kuleta ushahidi wa kutoka mbali, kwenye kitabu cha watoto kilichoandikwa Marekani, kisha nirudi nao hapa kwetu Mwambao tuupime kwa mizani yetu wenyewe.

Kitabu chenyewe chaitwa The Phantom Tollbooth, yaani, kwa kukisia, Kibanda cha Ushuru cha Mazingaombwe. Mtungaji wake ni Norton Juster, na kilitoka mwaka 1961. Michoro ni ya Jules Feiffer. Mabwana hao wawili walizaliwa mwaka mmoja, 1929, katika jiji moja la New York, na walipokuwa vijana wakakaa nyumba moja mtaa wa Brooklyn Heights. Juster alifariki mwaka 2021, na Feiffer akamfuata Januari 2025. Kitabu chao kingali kwauzwa, na kimekwisha kufasiriwa kwa lugha nyingi.

Kwa ufupi, kisa ni hiki. Yuko kijana jina lake Milo, ambaye kila kitu kwake ni uchovu. Akiwa shuleni ataka kutoka, akitoka ataka kurudi. Siku moja afika nyumbani, akuta bahasha na kifurushi kikubwa. Ndani mna kibanda cha ushuru wa barabara, ramani, na sarafu za kulipia. Milo apanda kigari chake kidogo, alipa, apita, na mara ajikuta katika nchi asiyoijua.

Katika nchi hiyo maneno yamechukuliwa kwa maana yake ya juu juu kabisa, kama anavyoyachukua mtoto mchanga. Pana mji wa maneno, Dictionopolis, ambao sokoni mwake herufi na maneno huuzwa kama sisi tunavyouza maembe na pweza. Pana mji wa hesabu, Digitopolis, ambao tarakimu huchimbwa mgodini kama vito. Wafalme wa miji hiyo ni ndugu, tena wamegombana: huyu asema maneno ni bora, yule asema hesabu ni bora. Mabinti wawili waliokuwa wakiwapatanisha, mmoja jina lake Vina na mwingine jina lake Akili, walihukumu kwamba vyote viwili ni sawa. Kwa hukumu hiyo ya haki wakafukuzwa, wakafungwa kwenye ngome iliyoko hewani. Tangu siku ile nchi haina vina wala haina akili. Kazi ya Milo ni kwenda kuwarudisha.

Msomaji wangu aliyekulia kwenye mashairi hatahitaji kufafanuliwa kwamba nchi iliyopoteza vina imepata msiba.

BABA MCHESHI NA SANDUKU LA SAUTI

Juster hakuwa mwandishi kwa kazi. Alikuwa mchoraji wa majumba, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Alikuwa amepewa fedha na Wakfu wa Ford ili aandike kitabu cha kuwaeleza watoto habari za miji. Kazi ile ikamchosha, naye, kama mtoto anayekimbia hesabu akachore pembeni mwa daftari, akaanza kuandika habari za kijana aliyechoka. Kitabu cha miji hakikuandikwa; hiki ndicho kilichoandikwa.

Lakini ufundi ule wa maneno aliupata wapi? Mwenyewe alipoulizwa alitaja mambo mawili matatu, na hayo ndiyo yaliyonivuta mimi kuandika makala haya.

Kwanza alimtaja baba yake. Mzee yule alikuwa hamalizi siku bila ya kumtegea mwanawe maneno. Atamsalimia kwa sentensi ambayo mwanzo wake wapingana na mwisho wake, na mtoto abaki amesimama akijiuliza amesifiwa au amekaripiwa. Juster asema utotoni mambo hayo yalimuudhi. Baadaye yakamwingia, naye akawa mgonjwa wa maradhi yale yale.

Pili ni sinema. Zama zile ndugu wa Marx walikuwa wakichekesha ulimwengu kwa filamu ambazo mtu hawezi kusema neno ila mwenziwe alipindue.

Tatu ni redio. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1929 katika New York alilelewa na redio kama vile alivyolelewa na mama yake. Kila jioni palikuwa na hadithi za mfululizo, za dakika chache chache, zilizokatwa pale pale roho inapopaa. Moja katika hizo ikiitwa Jack Armstrong, iliyoanza mwaka 1933 na kudumu hadi mwaka 1951. Ndani yake mlikuwa na kijana shujaa, na wenziwe Billy na Betty Fairfield, na ami yao Jim, mtu mzima mwenye busara aliyewachukua pande zote za dunia na kuwatoa hatarini. Watoto wa Marekani walimpenda ami Jim kwa kuwa alikuwa mkubwa bila ya kuwa mchoshi.

Sasa tazama. Katika kitabu cha Juster, Milo ana sahibu yake, mbwa aitwaye Tock. Mwili wa mbwa huyo ni saa ya kengele, kwa kuwa kwa Kiingereza neno la saa ya mkononi na neno la kulinda ni neno moja, basi mbwa mlinzi akageuka mbwa saa. Ni mkali kidogo, mwaminifu sana, na haachi wakati upotee. Juster alieleza kwamba Tock alimwiga ami Jim wa redio. Yule bwana ambaye mtoto hakupata kumwona kwa macho, aliyemjua kwa sauti tu, alikaa moyoni mwake zaidi ya miaka ishirini, kisha akatoka amevaa ngozi ya mbwa na kioo cha saa.

Hata jina lake ni kichekesho. Kaka yake mkubwa aliitwa Tick, lakini alipoanza kulia akalia tock. Wazazi wakajifunza, wa pili wakamwita Tock. Huyu naye akalia tick! Basi mbwa huyu amechukua maisha yake yote jina lisilokuwa lake.

REDIO INAYOTANGAZA KIMYA

Redio haikubaki nyuma ya pazia tu, bali imeingia kitabuni kwa miguu yake. Milo na wenziwe wafika Bonde la Sauti, ambako hakuna sauti hata moja. Ukipiga makofi hayasikiki, ukisema midomo yacheza bure. Bibi Mlinzi wa Sauti amezifungia zote ngomeni mwake, kwa sababu watu walizidisha makelele ya ovyo na wakaacha kusikiliza. Milo amkuta amekaa mbele ya redio kubwa iliyojaa ukuta mzima kwa vifungo na sahani zake, naye asikiliza kwa raha. Redio haisemi kitu. Bibi asema hicho ndicho kipindi akipendacho: robo saa ya kimya, na baada yake kitafuata kingine cha utulivu.

Nilipofika hapo nilicheka, kisha nikanyamaza. Mtu huyu aliyelelewa na redio hakuiandikia sifa tupu. Aona kwamba chombo cha sauti chaweza kumfunza mtu kusikia, na pia chaweza kumzoeza makelele hata masikio yake yafe. Na dawa haikuwa kuzifungia sauti. Watu wa bonde wamwomba Milo awaibie sauti moja tu, watakayoitia mzingani waivunje ngome. Lakini mtu atatokaje na sauti mbele ya macho ya mlinzi? Milo ashindana na bibi kwa maneno, na alipokuwa karibu kusema neno "lakini", afunga mdomo. Neno likabaki pale ncha ya ulimi, akatoka nalo mdomoni kama mtoto aliyeficha peremende.

Hebu fikiri: ngome ya kimya yavunjwa kwa neno "lakini". Mtu anayeweza kusema "lakini" hawezi kunyamazishwa.

Sisi pia tulilelewa na redio. Mimi ni mtoto wa miaka ya sabini, na nyumbani kwetu redio iliwekwa juu kabatini, imevishwa kitambaa cha kufuma kama biarusi. Sauti ya Kenya ikisema, wadogo tunakaa chini. Nakumbuka mpira ukitangazwa na marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025. Sikupata kuuona uwanja ule wa Nairobi, lakini niliuona. Kila mpira uliopigwa nilijua umepita upande gani, kwa maneno tu. Mpaka leo nikisikia kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana kikitajwa, hunijia picha za watu wengi ambao sura zao nilizitunga mwenyewe kichwani.

Na kabla ya redio nilikuwa nimekwisha kutiwa sikio chuoni. Kila aliyesoma kwenye ubao ajua kwamba qafu na kafu si ndugu. Qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Mtoto akiteleza koo kidogo, moyo wake wageuka mbwa, na bakora ya mwalimu yamkumbusha. Huo haukuwa mchezo, lakini ulitufunza jambo ambalo mchezo wote wa maneno umejengwa juu yake: kwamba baina ya maana na maana pana nafasi nyembamba kama unywele, na sikio lazima liwe macho. Si ajabu kwamba Waarabu wenyewe waliufanya mchezo huo kuwa elimu, na al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, akajenga Maqamat yake yote juu ya maneno yanayofanana sauti na kutengana maana.

MCHORAJI ALIPOTEGWA

Liko jambo jingine katika kitabu hiki linalohusu vyombo vya kupashia habari, nalo lapendeza. Feiffer alikuwa mchora katuni za gazeti, Village Voice la New York, na katuni zilikuja kumpatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1986. Mchora katuni ataka mwandishi ampe kitu cha kuchora. Juster kwa utundu akawa amtegea vitu visivyochoreka. Akaandika habari za mashetani watatu: mmoja mrefu mwembamba, wa pili mfupi mnene, na wa tatu amefanana sawasawa na hao wawili.

Mchore basi huyo wa tatu! Kalamu ya wino yasimama. Lakini ulimi umekwisha kupita, na msikilizaji amekwisha kumwona. Feiffer naye akalipa kisasi: akamchora Juster mwenyewe, mfupi na mwenye upara, akampa umbo la mzee mmoja wa kuchekesha aliyemo kitabuni.

Mwaka 1970 kampuni ya MGM ikakitoa kitabu kwa filamu ya katuni, chini ya Chuck Jones, bingwa wa kazi hiyo. Juster hakuficha kwamba filamu ile haikumridhisha. Na mimi naona sababu iko wazi. Neno lenye maana mbili huishi kwa sababu msikilizaji hajui bado ataangukia upande gani. Ukimwonyesha picha umekwisha kumchagulia.

JE, KISWAHILI CHAWEZA?

Sasa turudi nyumbani. Nilipomweleza mwalimu mmoja wa Kiswahili kwamba kitabu kama hiki chafaa kufasiriwa kwa watoto wetu, alitikisa kichwa. Akaniambia, "Bwana, hayo ni mambo ya Kiingereza. Kiswahili ni lugha ya hekima na mafunzo. Hakina michezo hiyo. Na hata ukiyafasiri, nani atanunua kitabu kisichokuwemo mtihanini?"

La mtihani nilimwachia, maana ana haki nalo. Lakini kusema Kiswahili hakina michezo hiyo ni kumtukana Muyaka bin Haji huko kaburini. Mshairi huyo wa Mvita, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alikuwa akichukua neno moja na kuligeuza ubeti mzima, kila mara likitoka na sura nyingine. Neno "oa", ambalo kwa Kiswahili cha kale huwa ni kutazama na pia ni kufunga ndoa, alilichezea hata wasomi wangali walifumbua mpaka leo. Diwani yake ilipigwa chapa Johannesburg mwaka 1940. Na mwaka huo huo wa 1940 kulitolewa London kitabu cha Elisi katika Nchi ya Ajabu, hadithi ya Kiingereza iliyojaa mchezo wa maneno, kikiwa kwa Kiswahili. Basi kazi hii ya kuwapa watoto wetu mchezo wa maneno kitabuni ina zaidi ya miaka themanini tangu ianzwe. Sisi ndio tulioilaza.

Nikaamua kujaribu mwenyewe. Likizo iliyopita, jioni baada ya Laasiri, niliwakusanya watoto wa mtaani barazani kwangu, wapata kumi na wawili, nikawasimulia safari ya Milo kwa Kiswahili, bila ya kitabu mkononi.

Mengine yalivuka yenyewe bila ya kulipa ushuru. Kitabuni mna ndege anayenyakua maneno kinywani mwa watu kabla hawajamaliza kusema. Kwetu kudakia maneno ni kosa ambalo kila mtoto amekatazwa, basi nilisema tu "ndege Mdakiamaneno" wakamtambua, na mmoja akamwonyesha nduguye kwa kidole. Ile ngome ya hewani niliiita Ngome ya Alinacha, kwa jina la yule fakiri wa Alfu Lela Ulela aliyejenga utajiri kichwani kisha akaupiga teke.

Mbwa nilimwita Saa. Hapo Kiswahili kilinipa zawadi ambayo Kiingereza hakina. Sisi watu wa pwani tukimhimiza mtu twasema "Njoo saa!", "Twende saa!" Basi kila mara Milo alipozubaa njiani, mbwa alibweka "Twende saa!", na watoto hawakujua kama yule mbwa ahimiza au ajiita jina. Siku ya tatu mtaa mzima ulikuwa ukibweka.

Mengine hayakuvuka, ikanibidi niyatafutie ndugu zao. Milo akiwa kwenye karamu ya mfalme aombwa achague chakula. Kwa Kiingereza neno la wepesi na neno la mwanga ni moja, naye aomba chakula chepesi, wamletea miali ya mwanga sahanini. Kwetu hakiwi kitu. Nikasema hivi: mfalme aliuliza, "Wataka nini?" Milo akajibu, "Paa!" Watumishi wakaondoka mbio, wakarudi wamebeba makuti na boriti, wakamwekea mezani paa zima la nyumba. Akasema, "Hapana, nataka kaa." Akaletewa sahani ya makaa, yawaka.

Nilijifunza hapo sharti moja la kazi hii. Kiswahili kina askari wake wa zamu, nao ni ngeli. Ukisema "paa wa kuchoma" au "paa la makuti", ngeli imekwisha kukutoboa siri, na kicheko kimekufa kabla ya kuzaliwa. Mchezaji wa Kiswahili lazima aliache neno uchi, bila ya "wa" wala "la", mpaka mlango ufunguke. Ndiyo sababu vitendawili vyetu ni vifupi, na ndiyo sababu mafumbo mazuri ya leso hayana neno la ziada. Wenzetu wa Kiingereza hawana askari huyu. Sisi tunaye, na anayemzidi ujanja ndiye fundi.

KICHEKO KILICHOGAWIKA

Kisha likatokea jambo lililonitia fikra. Milo wangu alichoka na paa na kaa, akasema, "Basi nipeni mbuzi." Akaletewa mbuzi, ana kiti chake cha kukalia na meno nje, tayari kwa kukuna.

Nusu ya baraza ilivunjika mbavu. Nusu ya pili ikanitazama. Msichana mmoja wa miaka tisa, mwerevu kuliko wengi, akauliza, "Ami, mbuzi wa kiti ndiye yupi?"

Kwao nazi husagwa kwa mashine ya umeme, au tui hununuliwa la pakiti. Hajapata kuikalia mbuzi, wala kuisikia ikilia kwenye kifuu. Nikamjaribu na "kata". Kukata alikujua. Kata ya kutekea maji mtungini hakuijua, kwa kuwa maji hutoka bombani na kikombe ni cha plastiki. Kata ya kichwani, ya kutulizia mzigo, pia hakuijua. Neno lenye maana tatu kwa mama yake, kwake limebaki na moja.

Hapa ndipo panaponiuma, msomaji. Mara nyingi twalia kwamba watoto wamepoteza lugha, na lawama zote tukaitwika simu. Lakini maana ya neno haikai kwenye kamusi. Yakaa kwenye kitu. Kifaa kikitoka jikoni, maana yake yatoka ulimini, na mchezo uliosimama juu ya maana mbili wabaki na mguu mmoja. Mtoto huyo hakuwa mjinga wa Kiswahili. Sisi ndio tuliompa nyumba isiyokuwa na mbuzi, kisha tukamlaumu kwa kutocheka.

Simuamuru mtu auze mashine yake akarudie kukuna. Nasema tu kwamba kitu kikiondoka, jina lake lapaswa kubakizwa kwa hadithi, na hiyo ndiyo kazi ya kitabu cha watoto. Mtoto wa Brooklyn hakumwona ami Jim, alisimuliwa. Msichana wangu wa barazani naye, nilipomweleza mbuzi ni nini, alicheka peke yake baada ya wenziwe wote kwisha kucheka, na kesho yake akaja na shairi la mistari miwili ambalo mbuzi mmoja ala majani na mwingine ala nazi.

SHETANI ASIYE NA USO

Juster ana shetani mmoja aliyevaa suti nzuri, mpole, asiyekuwa na uso. Huyo huwapa wasafiri kazi ndogo ndogo zisizo na maana: huyu ahamishe chungu ya mchanga kwa koleo la kunyolea nyusi, huyu akaushe kisima kwa mrija wa dawa ya matone, huyu atoboe jabali kwa sindano. Wao hushika kazi kwa bidii mpaka Milo apiga hesabu, aona kazi ile itachukua zaidi ya miaka 800. Shetani asema ndivyo atakavyo: ukishughulika na madogo hutapata kulifikia kubwa.

Kila mzazi anisomaye amekwisha kumtambua shetani huyu, na ajua amelala mfukoni mwa nani. Kidole chapandisha, kidole chateremsha, mchanga haupungui. Na yule bibi wa Bonde la Sauti angeona sauti za leo angefunga ngome mara mbili.

Hata hivyo nataka tuwe waadilifu. Ile hadithi ya Jack Armstrong haikutangazwa kwa ajili ya sadaka. Ililipiwa na kampuni iliyotaka kuwauzia watoto nafaka za kifungua kinywa. Redio haikuwa takatifu. Tofauti ni kwamba ilimwachia msikilizaji kazi ya kufanya: yeye ndiye aliyejenga nyumba, akapanda miti, akampa ami Jim masharubu. Chombo kinachomwachia mtoto kazi humkuza, na kinachomfanyia kila kitu humlaza. Na simu hiyo hiyo yaweza kuwa moja au nyingine. Nimesikia vijana wa Majengo na Kisauni wakipelekeana sauti kwa simu, wakipindua maneno ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza kwa ustadi ambao laiti ungekuwa na vina ningeuita ushairi.

Wazee wenzangu hukasirika. Wasema hiyo ni Sheng, ni uharibifu. Nami nawauliza: sisi utotoni hatukusema kinyume? Hatukuiita nyumba "mbanyu" na kitabu "bukita" ili mama asijue twasema nini? Kipawa ni kile kile. Mtoto apinduaye neno amekwisha kuliona lina pande mbili. Ukimpiga kwa hilo utamfunga mdomo, na hatapata hata hilo neno moja la "lakini" la kuvunjia ngome. Mpe badala yake maneno mengi zaidi ya kupindua.

Basi maoni yangu ni haya. Wachapishaji wetu wamejaza maduka kwa hadithi za mtoto mtiifu aliyelipwa na mtoto mkaidi aliyeangamia. Hadithi hizo zina mahali pake, lakini mtoto hawezi kula dawa asubuhi, mchana na usiku. Na patungwe angalau hadithi moja ya safari, yenye soko la maneno letu wenyewe, paa na kaa na mbuzi, na mbwa wa zamu abwekaye saa. Itungwe kwa sikio kwanza, isomwe redioni, ndipo ipigwe chapa. Na baba akirudi nyumbani jioni, kabla hajauliza alama za mtihani, na amtegee mwanawe neno moja. Mtoto ataudhika. Mwacheni audhike, mtoto wa Brooklyn pia aliudhika.

Wale watoto wa barazani niliwaachia ubeti mmoja waende nao nyumbani, nami nauacha hapa kwa msomaji:

Neno moja lina mambo, lakwenda na kugeuka,
Kaa huenda kikombo, na kaa ni la kuwaka,
Kaa usikie fumbo, usije ukainuka,
Sikio lisipochoka, ulimi haupotei.